Sahani Moja kwa Siku Nzima

Sogeeni karibu, ndugu zangu na majirani zangu, maana ninalotaka kuwasimulia halimhusu mtu wa mbali. Linaihusu nyumba ya fundi mmoja wa kushona na mume wake kinyozi. Nyumba hiyo haikuingiliwa na ulevi, wala tamaa, wala ugomvi. Kilichoingia kilipitia jikoni, kimebebwa kwa mikono miwili na kwa mapenzi, ndiyo maana hakuna aliyekishtukia.

Jioni katika nyumba ile ilikuwa tamu. Mama Kadogo alishona sare za shule sebuleni, cherehani yake ikiwa chini ya dirisha ili apate mwanga wa bure. Jua lilipoanza kufifia alikata uzi, akakunja mashati, akaelekea jikoni. Huko alimkuta mama mkwe wake, ambaye wote walimwita Bibi, amekaa kwenye kigoda akichambua maharage na kupiga soga peke yake, kana kwamba maharage yalikuwa yakimjibu. Kadogo, binti yao wa darasa la tatu, alisimama mlangoni kuchungulia barabara. Akisema tu, "Baba huyo," nyumba nzima iliamka.

Mtaani, baba huyo aliitwa Taratibu. Jina alilipata kwenye kiti chake cha kunyolea, kwa sababu kila mtoto aliyelia akiogopa mashine alimwambia hivyo hivyo: taratibu, mwanangu, taratibu, sasa hivi tunamaliza. Alikuwa mpole wa maneno na mwepesi wa mikono. Wanaume waliwapita vinyozi wengine njiani ili wafike kwake.

Taratibu aliponawa na kukaa, Mama Kadogo alileta sahani. Kwa kweli ilikuwa sinia ndogo, ila kwa heshima tuiite sahani. Wali ulipandishwa mpaka ukafanya kilele, maharage yakateremka pembeni, mboga zikazungushwa chini. Bibi aliitazama kwa kuridhika.

"Mwanaume anayeshinda amesimama lazima ajazwe," alisema. "Marehemu baba yake nilimjaza hivi hivi."

Naye Taratibu alikula bila kuinua kichwa, mpaka sahani ikang'aa. Hakuwa mtu wa kusema mengi. Kwa mke wake, sahani ile ikirudi tupu ndiyo ilikuwa "ahsante, mke wangu." Aliipokea, akaiosha, moyo wake ukatulia.

Wewe unayenisikiliza, usimcheke. Wangapi kati yetu tulifundishwa kupenda kwa mwiko?

Shida ni kwamba sahani ile ilikuwa ya siku nzima. Asubuhi Taratibu alikunywa chai kavu akiwa amesimama. "Bado nimeshiba ya jana," alisema, akabeba mfuko wake. Kule kazini benchi la wateja halikuwahi kuwa tupu, na yeye aliona aibu kumwacha mtu anangoja huku yeye anatafuna. Alijiambia atakula akipata nafasi, na nafasi haikufika. Jioni alirudi njaa imemkausha, akaimaliza yote kwa mara moja.

Baadaye alilegeza mkanda na kuegemea kiti. Kadogo alimletea kitabu chake cha kusoma, lakini kabla ya ukurasa kuisha baba alikuwa ameshasinzia, mdomo wazi, kitabu kimelala mapajani. Kuna usiku kifua kilimwaka moto, akalala ameketi. Polepole binti yule akaacha kuleta kitabu. Hakulalamika. Alisoma peke yake, kwa sauti ya chini, ili asimwamshe.

Ndipo mikono ilipoanza kumsaliti.

Kwanza ilikuwa kuangusha kitana. Kisha sauti yake ikaanza kuwa kali kwa watoto, jambo lisilowahi kusikika. Kisha siku moja, akimchonga ndevu mwalimu mstaafu, mteja wake wa miaka mingi, wembe ukateleza. Ulikata ukingo wa sikio. Halikuwa jeraha la kushonwa, lakini sikio lina damu nyingi, na taulo jeupe lilipogeuka jekundu watu wote benchini walisimama. Mwalimu alisema si kitu. Akaondoka akiwa ameshika pamba sikioni, na siku zilizofuata hakuonekana.

Maneno hayakukawia. Jirani mmoja alimshika Mama Kadogo dukani alipokwenda kununua vifungo.

"Mama Kadogo, mimi si mtu wa umbea," alianza, na wote tunajua mtu anayeanza hivyo. "Lakini wewe ni kama mdogo wangu. Wanasema mzee ameanza kunywa. Mikono inatetemeka kabla hata ya mchana. Maneno yanakwama. Mchunguze."

Mama Kadogo alicheka, akasema mume wake hata soda haijui vizuri. Lakini neno lilishaingia. Alipofua alinusa shati: lilinuka poda na spiriti ya kusafishia wembe. Spiriti nayo ni kileo cha namna yake, sasa atatofautishaje? Alipekua mfuko wa kazi, akakuta mikasi, brashi na betri. Alijiona mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Usiku ule alimpakulia mume wake sahani kubwa kuliko siku zote, kama mtu anayeomba msamaha kwa kosa ambalo hajalitaja.

Siku iliyofuata, jua likiwa juu ya vichwa, aliacha kola kwenye cherehani, akamwambia Bibi anakwenda kutafuta uzi, akaenda moja kwa moja kazini kwa mumewe. Alitaka kumkuta akinywa. Njia nzima aliomba asimkute.

Benchi lilijaa. Kwenye kiti alikaa mchomeleaji mmoja mnene, nusu ya kichwa chake imenyolewa na nusu bado. Nyuma yake Taratibu alikuwa amesimama, mashine inanguruma mkononi, lakini aliishika hewani, haigusi kitu. Jasho lilimtiririka kama mtu aliyetoka kwenye mvua. Macho yalikuwa wazi, ila hayakutazama chochote.

"Baba Kadogo," alimwita.

Aligeuka polepole. Akamwangalia mke wake kama mtu anayejaribu kukumbuka alimwona wapi. "Kaa… foleni," alisema, ulimi mzito. "Utafikiwa."

Kijana mmoja benchini alimgusa mwenzake. "Si niliwaambia? Saa hizi tu, ameshalewa."

Mama Kadogo alimkaribia mume wake mpaka pua yake ikakaribia kugusa mdomo wake, mbele ya watu wote, akanusa. Hapakuwa na pombe. Palikuwa na ule ukali wa kinywa kikavu ambacho hakijapitiwa na chakula. Aliishika ile mashine, akaizima. Mikono ya mumewe ilikuwa baridi kama chuma cha asubuhi.

"Umekula nini leo?"

Midomo ilichezacheza. "Chai."

"Ya asubuhi ile?"

Akatikisa kichwa kukubali, kisha magoti yakamlegea. Mchomeleaji aliruka kwenye kiti na shuka lake shingoni, akamdaka, akamkalisha pale alipokuwa amekaa yeye. Mtu mmoja alitoa soda aliyokuwa akinywa. Mama Kadogo alimshika kidevu na kumnywesha kidogo kidogo, kama anavyonyweshwa mtoto mwenye homa. "Taratibu," alimwambia. "Taratibu."

Baada ya muda macho yalirudi. Alimtazama mke wake, safari hii akimjua. "Wewe," alisema kwa mshangao. "Umefika saa ngapi?"

Yule kijana wa benchini aliinamisha kichwa na kutazama viatu vyake.

Walikwenda zahanati wakiwa watatu, Mama Kadogo upande mmoja na mchomeleaji upande mwingine, nusu ya kichwa chake iking'aa juani. Watoto njiani walimcheka. "Chekeni tu," aliwaambia. "Mwenye kunimalizia ndiye huyu, siwezi kumpoteza."

Daktari, mama mmoja wa makamo mwenye sauti ya upole, alimtoboa Taratibu kidole, akatazama kipimo, akavua miwani.

"Mimi na wewe tulikubaliana nini?"

Taratibu alitazama sakafu. "Nimeze vidonge kila asubuhi. Nameza."

"Na nini kingine?"

Mama Kadogo aliwaangalia kwa zamu. "Vidonge gani?"

"Vya sukari, mama," daktari alisema. "Hajakuambia?"

Alikuwa akivimeza tangu kabla ya likizo ya shule iliyopita. Vidonge alivificha kwenye kopo la poda kazini. Daktari aliwaeleza bila kuwatisha. Dawa yake ilikuwa ya kushusha sukari. Asipokula, ilishusha hata ile kidogo iliyobaki, ndipo jasho, kutetemeka na ulimi mzito. Halafu jioni akaipandisha kwa mzigo mmoja, mwili ukaelemewa. "Nilimwomba asilale njaa wala asishinde njaa," alisema. "Ale asubuhi, kitu kidogo kabla ya mchana, chakula cha mchana, kitu kidogo tena alasiri, na jioni sahani ya kawaida. Dawa alichukua. Ushauri aliuacha hapa mezani."

Nje, kwenye ukumbi wa kusubiri, walikaa bega kwa bega. Mchomeleaji alijifanya anasoma tangazo ukutani.

"Kwa nini hukuniambia?" mke aliuliza.

Mumewe alitazama kidole kilichotobolewa. "Ningeanzaje? Unashona kutwa, mgongo unauma, halafu unasimama jikoni. Unaniletea sahani ile kwa mikono miwili na kunitazama. Nikwambie nini, punguza? Ungeona nimekuchoka. Na mama angelia."

"Bora ningelia jikoni kwangu," alisema, "kuliko kulia mbele ya foleni yako." Kisha, kwa sauti ndogo zaidi, "Nilidhani unakunywa. Nilipekua mfuko wako."

Taratibu alimgeukia. Mkewe alidhani atakasirika, lakini yeye alimshika mkono tu, akaung'ang'ania. Kila mmoja alikuwa amemficha mwenzake, na wote wawili kwa sababu ya kupenda.

Kazi kubwa ilikuwa nyumbani. Jioni ile sahani ilipowekwa mezani, wali ukiwa kiasi cha ngumi, mboga za majani zimechukua nusu nzima, Bibi alivaa miwani.

"Hii ni ya kuonja chumvi?"

"Ndicho chakula chake, mama."

"Mwanangu amekosa nini katika nyumba hii?"

Mama Kadogo alieleza. Bibi alisikiliza, akaondoka kwenda chumbani kwake bila kugusa chake. Kesho yake alionekana kupoa. Lakini Mama Kadogo alipogeuka kuchukua maji, alimfuma mama mkwe wake ameinama juu ya sahani ya mwanawe, upawa mkononi, anaongeza wali. Walitazamana. Bibi aliurudisha upawa chunguni, na mkwe akaendelea kuchota maji, maana mama ni mama.

Ni Taratibu mwenyewe aliyekwenda kukaa kitandani kwa mama yake baada ya chakula.

"Mama, wanasema niliishiwa nguvu. Hawasemi yote," alimwambia. "Mke wangu alisimama mbele yangu nikamwambia akae foleni. Sikumjua."

Bibi aligeuka. "Hukumjua huyu? Huyu huyu?"

"Huyu huyu. Na kama ingekuwa wewe, nisingekujua pia."

Bibi alimkumbuka mume wake, aliyemjaza kwa mikono yake mwenyewe, aliyeanza kusinzia mezani, aliyefariki mapema kuliko rika lake. Hatujui yule mzee alikuwa na ugonjwa gani, na mimi sitabuni. Lakini Bibi alifuta macho kwa kona ya khanga, akamwambia mwanawe, "Basi nifundisheni. Mimi najua kujaza tu."

Na alipofundishwa, ndugu zangu, alikuwa mwanafunzi mkali kuliko mwalimu. Kila siku kabla ya mchana alitembea mpaka kwa kinyozi na kibakuli kilichofunikwa: yai la kuchemsha leo, kesho karanga kidogo na tunda. Alisimama mlangoni akalitangazia benchi zima, "Mtangoja kidogo. Anayeona haraka ajinyoe." Mwanzoni Taratibu alitaka ardhi immeze. Alijaribu kula akiwa ameelekea ukutani, na kila aliyepita alimwona kwenye kioo, kwa hiyo haikusaidia.

Aliyemwondolea aibu alikuwa mwalimu mstaafu. Alirudi siku moja, kovu dogo kwenye sikio, akakaa kwenye kiti kama vile hakijatokea kitu. Bibi alipoingia na kibakuli, kinyozi alisema atakula baadaye, maana mwalimu amengoja sana.

"Kula," mwalimu alisema, macho yamefumbwa. "Sikio langu halina haraka tena."

Benchi lilicheka, na Taratibu akacheka nalo, akala ameketi, ameelekea watu. Hakuna mteja aliyeondoka kwa sababu hiyo. Wengine walianza kuja na vyakula vyao, na yule kijana wa "ameshalewa" ndiye aliyemkumbusha kula siku Bibi alipougua mafua.

Sitaki niwadanganye kwamba mambo yalinyooka mara moja. Zipo siku alisahau, zipo siku harusi ya rafiki ilimshinda nguvu. Ilibidi arudi kwa daktari, dozi ikabadilishwa, akarudi tena. Lakini mikono ilitulia. Kifua kiliacha kuwaka. Na jioni moja, baada ya kunawa, alimwuliza binti yake, "Kile kitabu kimefika wapi?" Kadogo alimtazama kwanza, kuhakikisha kama kweli ana macho ya kusoma. Kisha akakimbia kukileta.

Siku iliyobadilisha nyumba ile kabisa, hata hivyo, ilikuja baadaye, wakati shule zilikuwa karibu kufunguliwa na sare zimejaa mpaka juu ya viti. Taratibu alifunga mapema, akarudi mchana. Alimkuta mke wake cherehanini, mguu hautulii, pini mdomoni. Alisimama nyuma yake kitambo. Akaona anavyopapasa tundu la sindano kwa uzi, akakosa, akakosa tena. Akaona kidole kinavyotetemeka.

Alilijua tetemeko lile kuliko mtu yeyote.

Aliweka kiganja chake juu ya gurudumu la cherehani. Likasimama.

"Mama Kadogo, umekula nini tangu asubuhi?"

"Niache nimalize mkono huu."

"Nimekuuliza."

Alizitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kijimto cha pini. Alifikiri. Asubuhi alimwandalia mume, akampakulia Kadogo, akapika cha kibakuli, akakifunika, akampa Bibi. Alijaribu kukumbuka wapi katikati ya hayo yeye mwenyewe aliweka kitu mdomoni, na hakupaona. Wala jana yake. Miaka yote alikuwa akila mwisho, amesimama, kilichobaki chunguni. Alifungua mdomo kujibu, na badala ya jibu yalikuja machozi.

"Sikumbuki," alisema.

Taratibu alikwenda jikoni. Ilisikika sufuria ikianguka, maana hakujua kilipo kitu. Alirudi na kiazi kilichochemshwa, kipande cha yai na nyanya iliyokatwa vibaya, akavipanga kwenye sahani ndogo, akaibeba kwa mikono miwili. Alisogeza sare pembeni, akavuta kiti, akakaa mbele yake.

"Mteja wangu wa mwisho ameshanyolewa," alisema. "Sina pa kwenda. Kula, nakutazama."

Naye akala, taratibu, amekaa. Bibi, aliyekuwa akipita na ufagio, aliona, akarudi alikotoka bila kufanya kelele.

Funzo

Wapendwa, tumezoea kudhani kwamba mwili unaweza kusahauliwa kutwa kisha ukafidiwa jioni kwa sahani moja. Mwili si gunia. Unataka kidogo, unataka tena, unataka kwa wakati wake, na kwa wengi wetu chakula kidogo kinachorudiwa kwa siku kinatuliza tumbo, nguvu na hata hasira kuliko mlima mmoja wa usiku. Miili haifanani, na mwenye kutumia dawa asijipangie mwenyewe: amuulize daktari ale nini na lini, kisha achukue jibu lote, si nusu inayomezwa kwa maji tu.

Tusipime mapenzi kwa ukubwa wa sahani. Anayekupenda mwambie ukweli kuhusu ugonjwa wako, na anayekuambia wake mpunguzie sahani bila kununa. Mwenye duka, mwenye karakana, mwenye foleni, mwache mfanyakazi wako ale. Na mteja, ngoja kidogo.

Zaidi ya yote, mwangalieni yule anayewapakulia wengine. Leo, kabla hamjanyoosha mkono kuchukua chenu, muulizeni: na wewe, umekula?